Nafasi ya Unene wa Msumari

Kila asubuhi, kabla ya kwenda zamu hospitalini, binti wa Mama Pindo alimtilia mama yake uzi kwenye sindano kumi na mbili na kuzichomeka kwenye kimto chekundu: sita za uzi mweupe, tatu za uzi mweusi, tatu za uzi wa rangi ya maziwa. Mama Pindo alikitia kile kimto mkobani, akakifunika kwa kitambaa, akaenda dukani kwake kama mtu aliyebeba siri ya serikali.

Mama Pindo ndilo jina alilopewa na mtaa, kwa sababu alikunja pindo la gauni mpaka ukaligeuza na kuligeuza usione uzi ulipopita. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na ishirini na sita kati ya hiyo aliimalizia mbele ya cherehani. Alikuwa amevalisha maharusi, na maharusi wakazaa, na watoto wao wakaja kwake kushonewa sare za shule. Kazi ilimlea, naye akailea. Tatizo lilikuwa macho. Vitu vya mbali aliviona kama mwewe. Tundu la sindano lilikuwa limeshahama dunia hii.

Hakuwa mzembe, alikwenda kupimwa. Alipewa miwani, ikamsaidia miaka miwili. Akapewa nyingine, na hiyo ikawa inamletea kichwa cha kugonga mpaka jioni.

"Mama, mbali unaona kuliko mimi," muuguzi wa macho alimwambia. "Ni hii kazi ya karibu inayokumaliza. Yapumzishe macho."

Alimshukuru, akatoka huku akijiuliza mtu hupumzishaje macho bila tumbo nalo kupumzika.

Ile siri ilidumu mwaka mzima, mpaka siku mama wa bibi harusi mmoja alipolipeleka gauni dirishani, kwenye mwanga, akaunyanyua mkono wa kulia. Bitana yote ya ule mkono ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa rangi ya maziwa, na gauni lilikuwa jeupe pe. Yule mama hakufoka. Afadhali angefoka.

"Mama Pindo," aliuliza taratibu, "hii ni kazi ya mkono wako kweli?"

Binti wa Mama Pindo aliomba ruhusa kazini, wakafumua wote wawili mchana kutwa, binti akaushona upya ule mkono. Harusi ilifanyika na gauni likapendeza. Lakini Mama Pindo alifunga duka, akakaa nyumbani wiki nzima akisugua vitu vilivyokwisha kusuguliwa.

Aliyemwondoa jikoni ni wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye duka la madaftari na mdomo usiojua likizo. Alikuja akasimama mlangoni.

"Wifi, nyumba imekuwa safi mpaka nzi wanapiga hodi," alisema. "Sasa inatosha. Kuna nguo za watu dukani mwako. Mtu hafungi biashara na kanzu za wenzake ndani. Kazipeleke, kisha urudi uendelee kulia vizuri."

Mama Pindo alicheka bila kutaka, akavaa viatu.

Nyumba ya mwisho kupeleka nguo ilikuwa ya dereva mstaafu. Huyu mzee aliendesha mabasi miaka thelathini na moja, na hata baada ya kustaafu watu hawakumwita jina jingine ila Dereva. Mkewe alikuwa mteja wa siku nyingi. Mama Pindo alipoingia sebuleni alimkuta mzee amekaa kando ya dirisha la uani, mkongojo umeegemea kiti.

"Hujambo, fundi? Karibu kwenye gereza langu," Dereva alimsalimu.

Hakuwa anatania sana. Goti lake la kulia lilikuwa limeharibika. Mlango wa mbele uliangukia barabarani kwa ngazi kali, na mlango wa uani ulikuwa juu ya ardhi kiasi cha mtu kuruka. Miezi minane hakuwa ametia mguu nje ila siku za kubebwa kwenda kliniki.

"Wamekuja mafundi wawili," mkewe alieleza huku akikunja nguo alizoletewa. "Tunataka sakafu ya mbao hapo nje, usawa wa mlango, atoke aketi kwenye jua. Baraza ya kawaida tu. Kila mmoja anatoa simu ananionyesha picha. Nzuri kweli, lakini za watu wenye magoti yao."

Mama Pindo hakuwa na nia yoyote. Ila mkono uliozoea kazi hauombi ruhusa. Kabla hajajua anafanya nini, alikuwa ametoa futi mkobani, ameining'iniza shingoni, anamwambia Dereva asimame kidogo. Alimpima kuanzia kisigino hadi goti. Alimpima kutoka sakafuni hadi kwenye kifundo cha mkono, mkono ukiwa umelegea. Alimwambia anyanyue mguu mpaka pale maumivu yanapoanza, akapima hapo pia. Alimpima akiwa ameketi, na akapima umbali anaofika bila kujivuta.

"Unanishonea suruali?" Dereva aliuliza.

"Sijui bado nakushonea nini, baba," alijibu, na ilikuwa kweli.

Nyumbani alitandaza karatasi ya kukatia nguo mezani akachora: sakafu, vidato vifupi viwili kando, mteremko mmoja mrefu wa kuelekea bustanini, kishikio. Aliandika kila kipimo mahali pake. Mumewe, mpiga chapa na mtu wa maneno machache, aliinama akaangalia mchoro kwa muda.

"Huu unaweza kuchapwa kitabuni," alisema. Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Sasa, kwa kazi ya mbao, mtaa ule ulikuwa na fundi mmoja wa karibu, na Mama Pindo hakuwa akisema naye vizuri. Karakana ya Seremala ilishikana ukuta na duka lake, na kwa miaka kumi na moja walikuwa wakigombea vumbi. Kila alipotandaza kitambaa cheupe, Seremala alikuwa na hamu ya kupiga randa. Mama Pindo aligonga ukuta kwa rula. Seremala aliongeza sauti ya redio. Ugomvi huo ulikuwa mkongwe kiasi kwamba watoto wa mtaa waliuona kama mvua, kitu kinachokuja na kupita.

Aliingia karakana na karatasi yake mkononi. Seremala alipunguza redio, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nimesikia ukuta umenyamaza wiki nzima," alisema. "Nikafikiri umeumwa."

"Nimekuja kuomba ushauri."

Aliichukua karatasi, akaisoma akisogeza kidole, mara akasimama.

"Nani kachora hii?"

"Mimi."

"Na hapa umeandika nini? 'Maumivu yanaanzia hapa'?"

"Ndiyo. Kidato kikiwa juu ya hapo, hatapanda. Na kishikio kimekuja usawa wa kifundo cha mkono, kwa sababu mtu anayeogopa kuanguka hushika kile anachokigusa bila kukitafuta."

Seremala alivua kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwa na mwisho.

"Mimi nimetengeneza vitanda na meza tangu nipate ndevu," alisema. "Sijawahi kumwuliza mtu ni goti gani linamuuma. Ijenge hii."

"Sijui kushika hata msumeno."

"Mimi najua, lakini magoti yangu hayataki tena kazi ya kuchuchumaa uani kwa watu. Basi tugawane. Wewe utashika msumeno, mimi nitashika lawama."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kwa miezi mitatu Mama Pindo alikuwa mwanafunzi, tena mwanafunzi mwenye mvi. Alijifunza kuichagua mbao kwa kuiangalia kutoka ncha hadi ncha, jicho moja limefumbwa, na hapo macho yake ya mbali yakawa mali: mbao iliyopinda kidogo tu aliiona kabla ya Seremala. Alijifunza kusimamisha nguzo, kulaza boriti juu yake, kutumia pima maji, kupaka dawa ya mchwa. Aliharibu mbao nyingi. Kitambaa ukikikosea unaweka kiraka ukasema ni mtindo. Mbao ukiikata fupi imekuwa fupi. Seremala aliguna, akachukua vile vipande, akavifanya vigoda. Mwisho wa mafunzo karakana ilikuwa na vigoda vya kutosha kanisa na msikiti.

Viganja vilichubuka, vikaota malengelenge, vikakomaa. Vibanzi viliingia vidoleni na yeye hakuweza kuviona. Kila jioni, jua likiwa bado lipo, mumewe alimketisha mlangoni, akavua miwani yake, akamtoa vibanzi kimoja kimoja kwa ncha ya sindano. Mara moja tu aliuliza, "Inauma?" Mama Pindo akajibu kwamba ilikuwa inauma vizuri.

Dereva na mkewe walikuwa wameuona mchoro na kukubali kungoja, na sasa baraza yao ilianza kusimama. Seremala alikuja kila asubuhi, akaketi kwenye kigoda uani, akaelekeza kwa kidole na kwa matusi mepesi. Nguzo zikasimama, boriti zikalala, kila kitu sawa na mchoro. Ilipobaki kazi ya kutandika mbao za juu, Seremala alitakiwa kliniki kwa magoti yake, kisha apumzike nyumbani kama wiki mbili.

"Kazi iliyobaki ni ya mtoto," alimwambia. "Ila usisahau: kati ya mbao na mbao acha nafasi. Unene wa msumari. Unaweka msumari katikati, unagongea, unautoa."

"Nimesikia."

Alisikia, tena akaanza hivyohivyo. Alitandika mbao tatu, akarudi nyuma kutazama. Zile nafasi zilimkera. Zilimtazama kama mshono uliofumuka mgongoni kwa bibi harusi mbele ya watu. Yeye, ambaye maisha yake yote alisifiwa kwa mshono usioonekana, aache nyufa juu ya kazi yake ya kwanza? Alizing'oa zile tatu, akazibana. Akaendelea kubana, mbao kwa mbao, mpaka huwezi kupitisha hata wembe. Ilipokwisha ilikuwa kama meza ya maonyesho. Mke wa Dereva alipitisha kiganja juu yake akasema hajaona kitu laini kama kile.

Dereva alitoka nje. Alitoka kwa miguu yake, mkono mmoja kwenye kishikio, akaketi kwenye jua, akafumba macho. Alitoka siku tisa mfululizo.

Siku ya kumi mvua ilianza, ikanyesha siku nne. Siku ya tano simu ya Mama Pindo ililia.

"Fundi," alisema mke wa Dereva, "mlango wa uani haufunguki."

Alikimbia. Akapitia mlango wa mbele, akasukuma ule wa uani kwa bega. Haukutikisika. Alizunguka nje, na hapo akaiona kazi yake. Mbao zilikuwa zimekunywa maji zikavimba, na kwa kuwa hazikuachiwa pa kwenda, zilikuwa zimesukumana, zikainuka katikati kama mgongo wa ng'ombe, na ile ya mwisho imekandamiza mlango chini kabisa. Mzee alikuwa ndani tena, na aliyemfungia safari hii ni yeye.

Aliingia sebuleni akasimama mbele ya Dereva.

"Baba, niliambiwa niache nafasi. Sikuacha. Niliona zinaharibu sura. Kosa ni langu peke yangu."

Dereva alimwangalia, kisha akamwonyesha kiti.

"Keti. Unajua siku yangu ya pili kazini nilifanya nini? Nililigonga geti la kituo. Basi zima la abiria, geti likalala chini. Nikamwambia mkubwa wangu, naacha kazi. Akaniuliza, 'Sasa hivi, nani katika kituo hiki anajua upana wa lile geti kuliko wewe?'" Alicheka kidogo, akasugua goti. "Sijagonga geti tena. Nenda kalete vifaa vyako. Nimengoja karibu mwaka mzima, siku chache hazitaniua."

Mama Pindo aliniambia — maana hadithi hii niliipata kwake mwenyewe — kwamba katika maisha yake amesifiwa sana, lakini sifa zote hizo ukizikusanya hazifiki uzito wa kiti kile alichoonyeshwa aketi.

Seremala alikuja kesho yake na magoti yake yaliyofungwa bandeji. Aliitazama baraza iliyoinuka, akamtazama fundi wake. Mama Pindo alijiandaa kwa yale aliyostahili kuambiwa.

"Wengine hukosea kwa uvivu," Seremala alisema hatimaye. "Wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemwona akikosea kwa usafi." Kisha akaketi kwenye kigoda. "Anza na ile ya mlangoni. Polepole, usiipasue."

Aling'oa zote. Alizianika kivulini, akazipiga randa kingo moja baada ya nyingine, akazitandika upya na msumari katikati ya kila jozi. Ilimchukua siku nane. Wifi yake alikuja na chai kwenye chupa, na ijapokuwa alikuja hasa kwa ajili ya kutania, alimaliza kwa kushika misumari.

"Wifi, hizi nyufa si zitanidondosha pete?" aliuliza.

"Pete yako ni nene kuliko msumari."

"Basi kaka yangu alioa mtu mwenye akili," wifi alisema, akaendelea kushika.

Mvua iliyofuata maji yalipita katikati ya mbao yakaenda zake, na mlango ukafunguka kwa kidole. Wapita njia wakawa wanamwona Dereva nje. Watu waliowahi kupanda basi lake walisimama kwenye ua, wakasalimia, wakauliza alivyotoka. Alijibu wote jibu moja: "Nilipimwa." Kwa jibu hilo kazi ya pili ilipatikana, na ya tatu.

Mwalimu mstaafu, mjane, alitaka baraza ya kiti kimoja. "Kimoja tu," alikazia. "Sitaki wageni." Mama Pindo hakubishana na mteja, alimpima, akamjengea ya kiti kimoja. Lakini pembeni, chini ya nyasi, alizika nguzo mbili za ziada, asiseme kitu. Baada ya mwaka mjane alipiga simu, akazunguka zunguka na habari za hali ya hewa, mwishowe akauliza kama mbao zinaweza kuongezwa kidogo, kiasi cha kiti cha pili. Zikaongezwa kwa asubuhi moja. Nani alikuja kukikalia hicho kiti, Mama Pindo hakuuliza. Fundi wa nguo hujua mengi asiyoyasema, na hilo nalo alihama nalo.

Duka lake halikufungwa. Ukuta kati yake na karakana ndio uliobomolewa, wakaweka mlango. Msanii wa mabango alipouliza aandike nini, Seremala alitaka "Ufundi Bora". Mama Pindo akasema kila mtu ameandika hivyo, hata wanaojenga vibaya. Wakaandika "Baraza za Mbao kwa Kipimo Chako". Cherehani aliikabidhi kwa msichana mmoja aliyewahi kujifunza kwake, mwenye macho makali, na hakulia siku ile kama alivyodhani angelia. Alishangaa tu kuona moyo mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo kichwani asijue ilikuwa nzito kiasi gani.

Jambo moja alilipenda kuliko yote. Gauni ukilimaliza linaondoka na mwenyewe, hulioni tena ila kwenye picha. Baraza inabaki, na unaweza kuirudia. Kila mwaka, baada ya mvua, alizungukia kazi zake zote na kopo la mafuta ya mbao, akapaka, akakaza kilicholegea, akanywa chai ya mwenye nyumba.

Mwaka wa tatu alipofika kwa Dereva alikuwa na neno la kumwambia. Alikuwa amelifikiri njiani. Alitaka kumshukuru kwa kile kiti, na kwa lile geti, kwa sababu mtu mwingine angempigia kelele siku ile na yeye angerudi nyumbani kusugua sufuria mpaka leo. Alimkuta mke peke yake barazani, anachambua mboga.

"Baba yuko wapi?"

"Usiniulize," mke alisema. "Nilikuomba umtoe nje aketi. Wewe ukamwekea mteremko na kishikio, akaanza kuushuka na kuupanda kila siku, goti likapata nguvu. Kwanza alifika bustanini. Kisha getini. Sasa ana rafiki zake kule kituoni, anawaonyesha madereva vijana jinsi ya kupinda kona. Nilitaka mume akae kwenye jua, nimebaki mimi na jua."

Alisema hivyo akiwa amekunja uso, lakini uso wenyewe haukukubali kukunjika sawasawa. Mama Pindo alikaa ubavuni mwake, akavua viatu, akanyoosha miguu juu ya mbao zilizoanza kugeuka kijivu. Upepo mdogo ulipanda kutoka chini kupitia zile nafasi, ukamfikia nyayoni.

"Nilikuja kumwambia ahsante," alisema.

"Mwambie mwenyewe ukimwona," mke wa Dereva alijibu, akimsogezea nusu ya mboga. "Mimi sijamwona tangu asubuhi."